Nafsi ya Kwanza, Wingi

Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo.
Ofisini Ganjoni, ghorofa ya tatu,
naletewa karatasi ya Kiingereza,
mistari kumi na moja, imenyolewa vizuri,
haina mtu ndani.

"Itie Kiswahili," asema meneja, Bwana Mwakio,
"ya redio, na ya kubandikwa kwa chifu kule Jomvu.
Ilainishe. Itoke usiku,
kesho watu wako harusini."

Kazi yangu naijua. Miaka tisa
nayavisha maneno kanzu za kukodi:
kufutwa watu kazi nilikuita kujipanga upya,
bei ilipopanda niliandika imeboreshwa,
mfereji ulionuka nikaupa jina changamoto.
Jina la heshima hilo, changamoto.
Limezika mengi na halijawahi kufiwa.

Basi nikaandika: Mafuta yalimwagika.
Nikakitazama kile kitenzi.
Yalimwagika. Yenyewe?
Yaliamka usiku katika bohari yetu ya Miritini,
yakafungua koki, yakampita bawabu bila salamu,
yakateremka hadi visimani mwa watu?

Nikafuta. Yalimwagwa.
Afadhali. Hapa angalau kuna mkono,
ila umejificha nyuma ya mlango.
Na Kiswahili hakifungui kwa hodi tupu,
huuliza kwanza: nani?
Ni-. U-. A-.
Tu-.

Mwalimu Saumu alituimbisha darasa la sita:
nafsi ya kwanza, wingi.
Sikujua siku ile
kwamba nafsi ndiyo hiyo hiyo inayosuta.

Simu.

"Ndiwe jina la chini?"
"Jina gani la chini, mama?"
"Kwenye bango lenu la zahanati,
lile mmeandika Jirani Mwema. Chini mna Tima Bakari,
kwa maelezo zaidi, na nambari.
Mimi Mbeyu, wa Jomvu. Sikiza.
Kisima chanuka mafuta ya taa.
Mwenye mkokoteni hajapita tangu jana.
Mtoto ana vipele vya joto, nami nina ndoo moja.
Nimwogeshe, nisimwogeshe?"

Nikatafuta jibu katika mistari kumi na moja.
Palikuwa na wadau.
Palikuwa na viwango vya kimataifa.
Palikuwa na kuthamini, mara mbili.
Mtoto hakuwamo, wala ndoo.
Kule kwake nikasikia kikombe kikigongwa gongwa
na mtu mdogo asiyejua kuwa anasubiri taarifa.

"Usimwogeshe," nikasema.
"Wala msinywe. Waambie na majirani."

Usimwogeshe. Neno moja, bila kanzu.
Miaka tisa sijaandika fupi kama hilo.

"Ahsante," akasema. Kisha:
"Mbona hamkusema tangu juzi?"

Juzi.
Juzi, kikaoni, ni mimi niliyesema tusubiri.

Bwana Mwakio kasimama mlangoni na funguo za gari.
"Maji yakimwagika, Tima, hayazoleki."
"Haya si maji," nikamwambia.
Akacheka kidogo, akaona sicheki.

Nikaandika hivi:
Jumatano tulimwaga mafuta.
Yameingia visimani mwenu.
Msiyatumie maji hayo, hata kwa kuoga.
Tulijua siku ile ile.
Hatukusema.

Nina mkopo wa chama, na karo ya muhula wa pili.
Sikuandika kwa ushujaa. Mkono ulikuwa baridi
kama uliotoka kwenye friji.

Akaisoma amesimama.
Kidole kikasafiri, kikatua kwenye tulimwaga,
kikafunika mwanzo wake.
"Yote sawa," akasema, taratibu, karibu kwa upole.
"Toa herufi hizi mbili tu."

"Hizo tu," nikasema, "ndizo taarifa."

Akafungua mdomo.
Simu ikaita tena, nambari nisiyoijua,
ikitetemeka juu ya meza ikimsogelea yeye.
Tukaitazama sote wawili.